SOMO LA WIKI: Namna ya kuchagua kamera ya kutega isiyo na waya

MFANYABIASHARA anayefunga ghala lake Igoma saa 12 jioni na kwenda kulala Kisesa au Buhongwa huacha mtaji wake wote chini ya kufuli na mlinzi mmoja. Akisikia kuwa ipo kamera inayofungwa kwenye mti au nguzo, isiyotegemea umeme wa TANESCO, ambayo hupiga picha kila anapopita mtu au mnyama na kuituma picha hiyo kwenye simu, ni rahisi ashawishike kutoa fedha siku hiyo hiyo. Somo la wiki hii linamwomba asubiri kidogo na apige hesabu.

Kamera hizo zilibuniwa kwa ajili ya wawindaji, nao huzitega kwenye mapito ya wanyama, ndiyo maana huitwa kamera za kutega. Siku hizi hutumika pia kulinda maghala, mazizi, mashamba na vizimba vya samaki. Mnunuzi mdogo huangalia bei na wingi wa megapikseli ulioandikwa kwenye boksi. Hayo ni mambo ya mwisho kuangaliwa. Kinacholeta faida au hasara ni mambo matatu: mtandao utakaobeba picha, umeme utakaoiendesha kamera, na mtu atakayeondoka kitandani picha ikifika.

ILIKOTOKA

Kazi hii si mpya katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akitumia unga unaolipuka kwa mwanga. Baadhi ya wanyama walijipiga picha wenyewe kwa kugusa uzi uliotegwa. Kitabu chake kilitoka 1905. Mwaka uliofuata, Mmarekani George Shiras III alichapisha picha zake za usiku katika jarida la National Geographic. Tangu hapo uzi umepokewa na sensa ya joto na mwendo, na unga umepokewa na taa ndogo za infraredi.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wetu uko kwenye barabara hii hii ya Musoma inayopita Igoma. Ukiendelea nayo kupita Magu unafika lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Ndani ya hifadhi hiyo, kuanzia 2010, watafiti walitega kamera 225 katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Hadi 2013 kamera hizo zilikuwa zimetoa mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Mafungu yaliyokuwa na wanyama yalikuwa 322,653.

Msomaji wa ukurasa wa biashara aisome takwimu hiyo kwa jicho la mhasibu. Katika kila mafungu 100, takriban 27 tu yalikuwa na mnyama. Mengine mengi yalikuwa nyasi zilizotikiswa na upepo na joto la jua lililoidanganya sensa. Watafiti hawakupata hasara kubwa kwa hilo, kwa sababu kamera zao hazikutuma picha. Walizifuata kadi wenyewe kwa gari. Kwako wewe unayelipia kifurushi cha intaneti, kila jani linalotikisika litakuwa na bei.

MWINDAJI ANATAFUTA NINI

Nchini Tanzania uwindaji ni wa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kampuni ya uwindaji wa kitalii hununua kamera kwa sababu ya kibiashara iliyo wazi. Chukua mfano wa simba. Tangu 2010 kanuni zimetaka simba anayewindwa awe dume mwenye umri wa angalau miaka 6. Mwindaji huning'iniza chambo mtini, akatega kamera, kisha akasoma picha: manyoya ya shingoni yamejaa kiasi gani, na pua imekuwa nyeusi kiasi gani, kwa kuwa pua ya simba huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Picha mbaya yaweza kumfanya apige mnyama asiyeruhusiwa. Kwake ubora wa picha ni mali.

Mwenye ghala Igoma hahitaji kuhesabu umri wa mwizi. Anahitaji kujua mapema kuwa kuna mtu mahali ambapo hapatakiwi kuwa na mtu. Kwa hiyo kamera inayomfaa mwindaji si lazima imfae yeye, na maneno yaliyoandikwa kwenye boksi kwa ajili ya mwindaji yasimpumbaze.

Tahadhari moja kwa wanaofikiria kuagiza kamera hizi ili kuziuza: mteja halali wa uwindaji ana leseni na kitalu. Anayetaka kamera ili aitege ndani ya pori la akiba bila kibali anajitafutia kesi, maana hata kuingia huko bila kibali ni kosa.

NENO LENYE MAANA MBILI

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaweza kupotea. Maneno "isiyo na waya" hutumika kwa vifaa viwili tofauti kabisa.

Kifaa cha kwanza hutumia Wi-Fi au Bluetooth peke yake. Ukisimama mita chache kutoka kilipo, unaweza kuzivuta picha kwa simu bila kukifungua. Ukiondoka, hakitumi kitu. Ni kizuri kwa anayefunga kamera juu sana na hataki kupanda ngazi kila siku, lakini si mlinzi.

Kifaa cha pili kina nafasi ya laini ya simu na hutuma picha kupitia mnara popote ulipo. Hiki ndicho anachokifikiria mwenye ghala. Kabla ya kuuliza bei, mwambie muuzaji akuonyeshe mahali laini inapoingia. Kama hapana, mazungumzo yameishia hapo.

MTANDAO KWANZA

Kamera yenye laini haiwi nzuri kuliko mnara ulio karibu nayo. Mambo manne yachunguzwe.

Kwanza, masafa. Simu za 2G za Afrika Mashariki hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800, wakati Marekani zilitumia 850 na 1900. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee yaweza kuwaka vizuri mezani na isikamate mtandao wowote Mwanza. Masafa ya 4G nayo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Omba karatasi ya maelezo ya kifaa na uilinganishe na masafa ya kampuni ya simu unayoitumia.

Pili, kizazi. Makampuni makubwa ya simu ya Marekani yalizima mitandao yao ya 3G mwaka 2022. Kamera za 3G hazina kazi tena huko, na kifaa kisicho na kazi kwake hutafutiwa soko kwingine kwa bei ya kuvutia. Hapa kwetu kinaweza kufanya kazi, lakini unanunua kitu ambacho umri wake umekwisha kupunguzwa. Kama utakitumia kwa miaka kadhaa, chukua cha 4G.

Tatu, kufuli ya laini. Baadhi ya kamera huja na laini ya mtengenezaji ndani na hukataa laini nyingine yoyote. Nyingine hupitisha picha zote kwenye programu ya mtengenezaji kwa ada ya kila mwezi inayolipwa kwa dola. Ada isipolipwa, au mtengenezaji akifunga biashara, kamera yako inabaki kuwa sanduku la plastiki. Inayofaa zaidi ni ile inayokubali laini ya hapa nchini na inayoweza pia kutuma picha kwa barua pepe ya kawaida.

Nne, mahali penyewe. Mwanza ni mji wa mawe, na jabali moja laweza kuficha mnara ulio karibu. Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Chukua simu yenye laini unayokusudia kuitumia, simama pale pale kamera itakapofungwa, saa 2 usiku wakati watu wengi wako mtandaoni, na utume picha kumi. Rudia kwa laini ya kampuni nyingine. Angalia zinavyokwenda, si zinavyokuja, kwa sababu kazi ya kamera ni kupeleka. Laini inayochelewa usiku wa majaribio itachelewa usiku wa wizi.

SENSA, KASI NA MWANGA

Sensa ya kamera hizi hupima tofauti ya joto kati ya kinachopita na kilicho nyuma yake. Ikielekezwa kwenye mabati yaliyopigwa na jua, tofauti hiyo hupungua na mtu anaweza kupita bila kuonekana. Wingu likifunika jua na kuondoka ghafla, kamera inaweza kupiga picha ya mabati matupu. Vilevile usiielekeze mashariki wala magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni litaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Elekeza kaskazini au kusini, na kata migomba na majani yaliyo mbele yake.

Sensa humwona vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia uso kwa uso. Basi ifungwe pembeni mwa njia. Kwa mnyama, urefu wa kiuno unatosha. Kwa mwizi, iwe juu ya urefu wa mkono, imeinamishwa chini kidogo.

Kasi ya kushtuka ni muda kati ya sensa kuhisi na picha kupigwa. Kamera nzuri huchukua chini ya nusu sekunde, na nyingine huchukua sekunde nzima au zaidi. Pikipiki inayokwenda kilometa 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja, hivyo kamera ya polepole itakupa picha ya vumbi. Uliza pia kama kamera inaweza kuendelea kupiga wakati inatuma. Nyingi za bei nafuu haziwezi, na dakika moja ya kutuma ni dakika moja ya upofu.

Taa za infraredi ni za aina mbili. Za nanomita 850 huangaza mbali zaidi, lakini mtu anayeitazama kamera ataona vinukta vyekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kwa macho, ila umbali wake ni mfupi. Mwenye zizi anayefukuza fisi achukue za 850. Mwenye ghala anayeogopa kamera yenyewe kuibiwa achukue za 940.

Kuhusu megapikseli, idadi kubwa inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa kamera kuikuza picha yake yenyewe. Picha haiongezeki taarifa, inaongezeka uzito. Mwombe muuzaji picha ya usiku iliyopigwa na kamera hiyo hiyo, uione mwenyewe.

UMEME

Kamera nyingi hutumia betri 8 au 12 za saizi ya AA. Ikikaa kimya hutumia umeme kidogo sana. Kinachomaliza betri ni kutuma picha na kuwasha taa usiku, hasa pale ambapo mtandao ni dhaifu na kamera inarudia rudia. Betri za kuchajiwa za volti 1.2 huweza kuonekana na kamera kuwa zimekwisha wakati bado, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kuzinunua.

Kwa mahali pa kudumu, paneli ndogo ya sola ni nafuu kuliko betri za kila mwezi. Chagua paneli yenye waya wake wa mita 2 au zaidi, ili yenyewe ikae juani na kamera ikae kivulini. Kwa mvua zetu, tafuta alama ya IP66, maana yake vumbi haliingii na maji ya kasi hayapenyi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa mwenye ghala la mahindi. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake siku anaponunua.

Kamera sh. 330,000, paneli ya sola sh. 70,000, sanduku la chuma na kufuli sh. 60,000, kadi ya kumbukumbu sh. 20,000. Jumla ya mtaji sh. 480,000. Tukikadiria kuwa vitu hivi vitadumu miezi 24, uchakavu ni sh. 20,000 kwa mwezi.

Gharama za uendeshaji kwa mwezi: kifurushi sh. 10,000, akiba ya betri sh. 5,000; safari mbili za bodaboda kwenda kufuta lenzi na kuondoa utando wa buibui sh. 8,000. Jumla sh. 23,000.

Kwa hiyo kamera inamgharimu sh. 43,000 kwa mwezi, sawa na sh. 516,000 kwa mwaka. Kama gunia la mahindi ni sh. 80,000, kamera inarudisha gharama zake ikiwa tu itazuia upotevu wa magunia 7 kwa mwaka. Anayepoteza magunia 2 kwa mwaka asinunue. Abadilishe kufuli na arekebishe mlango. Anayepoteza 20 anachelewa.

Hesabu ya kifurushi nayo ina mtego wake. Picha ndogo ya kilobaiti 100, zikitumwa 100 kwa siku, hula kama megabaiti 300 kwa mwezi. Picha kamili ya megabaiti 2, kwa idadi hiyo hiyo, hula gigabaiti 6. Tengeneza kamera itume picha ndogo, na picha kamili ibaki kwenye kadi. Kisha ukumbuke takwimu ya Serengeti: ukiacha majani mbele ya lenzi, karibu robo tatu ya kifurushi yaweza kulipia majani.

Wenye fedha nyingi wamelitatua tatizo hilo kwa namna nyingine. Mwaka 2019 shirika la RESOLVE la Marekani, likishirikiana na kampuni ya Intel, lilitangaza kamera iitwayo TrailGuard AI, yenye kompyuta ndani inayoamua kama picha ina mtu kabla ya kuituma. Ilikuwa imetanguliwa na majaribio katika eneo la Grumeti, magharibi mwa Serengeti, ambako picha za kamera hizo zilisaidia kuwakamata majangili. Siku hizi hata kamera za kawaida zinazotofautisha mtu na mnyama zinapatikana, na nyongeza ya bei yake hurudi kupitia kifurushi na betri.

NANI ATAIFUATA PICHA

Grumeti inatufundisha jambo kubwa kuliko kompyuta. Kamera ya kule haikumkamata jangili hata mmoja. Waliokamata ni askari wa wanyamapori waliokuwa macho, wenye gari na redio, waliojua nini cha kufanya picha ikiingia.

Mwenye ghala wa Igoma ajiulize swali hilo hilo. Picha ikiingia saa 9 usiku, simu iko wapi? Imezimwa sauti? Yeye yuko Buhongwa, ng'ambo ya mji. Atafika baada ya muda gani? Kama jibu ni saa nzima, amenunua kumbukumbu ya wizi, hakununua ulinzi. Njia nafuu ni wenye maghala matatu au manne yaliyo jirani kuchangia mlinzi mmoja mwenye simu, na picha za kamera zote ziende kwake na kwa wenye mali kwa pamoja. Sungusungu na polisi jamii wa mtaa waelezwe kamera iko wapi na inatazama wapi. Mlinzi anayeamshwa na picha ana thamani kuliko kamera tatu zinazomtumia picha mtu aliyelala.

MAMBO YA SHERIA

Laini ya kamera isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa jina la mwenye mali. Mwambie wakala kuwa ni laini ya mashine, akueleze utaratibu wake. Usitumie laini ya kijana wa dukani; akiondoka, anaondoka na kamera yako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Weka tangazo lisomekalo kuwa eneo lina kamera, usiielekeze kwenye uani wa jirani, na usirushe picha za watu kwenye makundi ya simu ukiwaita wezi kabla ya mahakama.

Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini mahakama huangalia ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa. Wizi ukitokea, toa kadi yenye picha kamili, usifute wala kubadili kitu, andika tarehe na saa, na uikabidhi polisi. Hakikisha mapema saa ya kamera ni sahihi.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

1. Inaingia laini ya simu, au ni ya Wi-Fi tu?
2. Inakubali laini ya hapa nchini, na masafa yake ni yapi?
3. Ni ya 4G?
4. Kuna ada ya kila mwezi kwa mtengenezaji? Kiasi gani?
5. Inachukua muda gani kushtuka, na inapiga wakati inatuma?
6. Taa zake ni za 850 au 940?
7. Inatofautisha mtu na mnyama au majani?
8. Naomba iwashwe hapa hapa dukani kwa laini yangu, itume picha kwenye simu yangu.
9. Ikikataa mtandao kule itakakofungwa, nina siku ngapi za kuirudisha? Iandikwe kwenye risiti.

Muuzaji anayekataa swali la 8 amekwisha kujibu mengine yote. Na kabla ya kwenda dukani, mnunuzi ajibu swali moja la kwake: usiku picha ikifika, nani atanyanyuka? Akikosa jina la kuandika hapo, fedha zake zibaki kwenye mahindi.